WATOTO WA MAMA MVUMI: namba za simu na kikao cha Jumapili

Alhamisi

[19:04] Mama Neema: Mbukwenyi wote. Kikao cha kujengea kaburi la Baba ni Jumapili hii saa 12 jioni. Mama lazima asikike na Amosi lazima asikike. Mama anatumia kitochi, hana WhatsApp, kwa hiyo itakuwa simu ya kawaida. Naomba namba ya kila mmoja leo hii.

[19:05] Mama Neema: Iandikwe hivi: +255 halafu tarakimu 9. Sifuri ya mbele itoke.

[19:06] Mama Neema: Msiziweke humu, nitumieni mimi pembeni. Mnajua yaliyotupata siku link ya kikundi ilipozagaa, watu wakaanza kupokea zile meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii".

[19:31] Mama Neema: Naona mmesoma.

[19:48] Happy: 🙏🏾

[19:50] Mama Neema: Happy, hiyo mikono siyo namba.

[20:02] Baba Lulu: Dada, +255 ya nini wakati wote tuko hapahapa? Mimi Mama nampigia kwa 07 anapokea. Tena anaitika kwa sauti mpaka mwenye duka ng'ambo ya barabara anatoka nje.

[20:06] Mama Neema: Siyo wote tuko hapa, Amosi yuko Marekani. Sikiliza. Hiyo sifuri ni ya ndani ya nchi tu. Mtu akipiga kutoka nje, +255 ndiyo inakaa mahali pake. Ukiweka vyote viwili simu haiendi. Wiki iliyopita Amosi kapiga +255, akafuatisha 0, akafuatisha namba nzima. Anaambiwa namba haipo. Akaamini Mama kazima simu, na Mama siku hiyo kashinda barazani na simu mapajani anasubiri.

[20:07] Mama Neema: Nimeiona kwenye picha aliyonitumia. Baada ya 255 zilikuwa tarakimu 10. Zinatakiwa 9.

[20:08] Mama Neema: Na uzuri wake, ukiihifadhi kwa +255 inafanya kazi Dodoma na inafanya kazi Seattle. Huhitaji kuwa nazo mbili. Kwenye simu ya kioo bonyeza 0 bila kuachia mpaka + itokee. Kwenye kitochi bonyeza nyota mara mbili harakaharaka.

[20:11] Baba Lulu: Seattle? Si yuko Minnesota?

[20:11] Dada Esta: Haya.

[20:13] Mama Neema: Alishahama. Namba ndiyo haijabadilika, ni ileile ya +1 612.

[20:14] Baba Lulu: Sasa kama 612 ni ya Minnesota na yeye hayuko Minnesota, tunampigia nani?

[20:19] Mama Neema: Yeye. Kule namba ya mkononi inaanza na kodi (code) ya mji uliponunulia laini, kama simu ya mezani. 612 ni Minneapolis. Ukihama unaondoka nayo. Kwa hiyo usiangalie 612 ukadhani ndiko aliko. Neema alimpigia saa 9 alasiri akahesabu kwa masaa ya Minnesota, akapata saa 1 asubuhi. Kumbe kwa Seattle ni saa 11 alfajiri. Mtu katoka zamu ya usiku, anaamshwa.

[20:22] Baba Lulu: Pole yake. Ila akiamshwa na sisi angalau anajua bado ana ndugu.

[20:24] Dada Esta: Kuhama ndiyo kawaida yake. Siku ya msiba wa Baba tulituma mtu akagonge mlango huko Minneapolis, akafungua Mhindi. Mimi nilikuwa nimesimama uani kwa Mama na watu wananiuliza "Amosi ameambiwa?" Sina jibu.

[20:25] Dada Esta: Na kama mnataka kuzungumza namba za simu, tuanze na ile ya mbuzi.

[20:26] Mama Neema: Dada Esta tafadhali. Jumapili.

[20:27] Dada Esta: Jumapili ipi? Miaka yote naambiwa siyo leo.

[20:27] Baba Lulu: Mimi natoka. Lulu analia.

[20:28] Dada Esta: Lulu yuko kidato cha tatu.

[20:41] Zawadi: 😂😂😂

[20:42] *Ujumbe huu umefutwa*

[21:15] Mama Neema: Jamani namba. Mpaka sasa nina ya Zawadi peke yake.

Ijumaa

[06:12] Kaka Daudi: Amina. Asubuhi njema familia.

[06:14] Mama Neema: Kaka asante. Namba yako?

[06:15] Mama Neema: Kaka?

[07:40] Amosi: Shikamoo Dada Esta, shikamoo Kaka, shikamooni wote. Nimesoma yote. Huku ni usiku saa 4 kasoro, ndiyo naingia kazini.

[07:52] Amosi: Mama Neema kaeleza sawa. Nikipiga kwa mkononi naweka + basi. Wenye simu za mezani huku wanaanza na 011 badala ya +, halafu 255. Mimi kilichoniangusha ni ile 0.

[07:58] Amosi: Na hili la 612 naomba mnielewe, maana najua limewakera. Huku namba ya mkononi haina kichwa chake kama 06 na 07 zetu. Ukiiona huwezi kujua kama ni ya mezani au ya mkononi. Kwetu anayelipa ni anayepiga, kwa hiyo ni haki yake aone kwamba hii ni ya mkononi, ina bei yake. Huku tangu mwanzo anayepokea naye alikatwa dakika zake, ikaonekana mpigaji hana haja ya kutofautisha. Wakachukua kodi za miji zilezile, ambazo ziko tangu 1947, wakawapa na watu wa mkononi. Matokeo yake mtu anaishi mji mmoja, kodi yake ya mji mwingine, na hapa hakuna anayeshangaa. Kazini kwangu watu wengi wako hivyo.

[08:01] Amosi: Nilihofia nikibadilisha namba Mama atanipoteza. Aliikariri kichwani. Ndiyo sababu niliing'ang'ania.

[08:20] Dada Esta: Marahaba.

[08:33] Baba Lulu: Kaka Amosi, kwa hiyo ukiwa hukohuko Seattle ukimpigia jirani yako unaweka na kodi?

[08:37] Amosi: Siku hizi ndiyo, sehemu nyingi. Zamani mjini walipiga tarakimu 7 tu. Namba zikawaishia, ikabidi mji mmoja uwe na kodi mbili au tatu juu ya eneo lilelile, na hapo 7 hazitoshi tena, lazima 10. Halafu 2021 sehemu nyingine nyingi zikaingizwa kwa sababu ya 988. Hiyo ni namba fupi ya mtu aliyekata tamaa ya kuishi, apige aongee na mtu. Sasa kulikuwa na namba za nyumbani zinazoanza na 988. Mtambo ungejuaje kama unatafuta msaada au unampigia jirani?

[08:39] Baba Lulu: Mama angepewa yake ya kuwapigia watu wanaodaiwa mahindi.

[08:40] Zawadi: 😂 ingekuwa imeelemewa

[08:44] Zawadi: Mjomba Daudi anadaiwa debe mbili

[08:45] Baba Lulu: Ndiyo maana hatumi namba!!

[08:51] Mama Neema: Mnaniharibia. Amosi, Jumapili saa 12 jioni ya Dodoma ni saa 2 asubuhi kwako. Utaweza?

[11:30] Mama Neema: Amosi?

[13:02] Baba Lulu: Dada nina wazo. Mama ni 075, na mimi ni 075. Ninunue bando la mtandao mmoja la bei ndogo nimpigie mimi, halafu Amosi nimweke kwenye WhatsApp simu nyingine, nizikutanishe mdomo kwa mdomo.

[13:09] Zawadi: Baba Lulu, Bibi siyo wa mtandao huo tena. Kule kwake ulikuwa haushiki mpaka apande kwenye mawe, tukamhamisha. Unakwenda kwa wakala na kitambulisho, unatuma neno HAMA kwenda 15080, unahamia na namba yako ileile. Iko tangu 2017. Kwa hiyo 075 inakwambia alianzia wapi, haikwambii yuko wapi.

[13:10] Baba Lulu: Kwa hiyo Mama naye kahama kimyakimya.

[13:12] Dada Esta: Usimfananishe Mama na mtu.

[13:26] Happy: Mimi niko Nairobi nitampigiaje Bibi? Nikipiga 07 ananipokea mtu wa hukuhuku.

[13:27] Mama Neema: Happy! Kumbe una mdomo. Weka +255.

[13:29] Happy: Sawa shangazi

[14:50] Kaka Daudi: Poleni nilikuwa shamba. Ile hela ya mbuzi mimi niliituma. Laki mbili. Niliituma kwenye ile laini ya Amosi aliyoiacha kwa Baba Lulu, kwa sababu ndiyo tuliyokubaliana ni ya mchango.

[14:52] Dada Esta: Asante kaka. Na mbuzi hawakuja. Tulikula maharage kwenye msiba wa baba yetu, wageni wametoka Kongwa na Mpwapwa.

[14:55] Baba Lulu: Dada Esta naapa kwa kaburi hilohilo tunalotaka kulijengea, sikuiona hata shilingi. Nilikwambia uani, nikakwambia kwa mchungaji, nakwambia tena hapa.

[14:56] Dada Esta: Laini ilikuwa kwako.

[14:56] Baba Lulu: Laini ilikuwa kwenye droo.

[15:10] Mama Neema: Naombeni tusiandike tena mpaka jioni. Naomba.

[15:11] Mama Neema: Isipokuwa wanaotuma namba.

[18:36] Zawadi: Babu Yohana amesikia yote, nilikuwa namsomea. Anasema niandike anavyosema, nisipunguze wala nisiongeze. Naandika:

[18:44] Zawadi: "Watoto wa kaka yangu, mbukwenyi. Mimi kazi yangu ilikuwa simu, tangu ikiitwa Posta na Simu. Nimekaa pale mjini kwenye mitambo, naijua namba inavyozaliwa na inavyokufa. Laini ya mkononi ikilala muda mrefu haitumiki, mtandao unaichukua, unampa mteja mwingine. Ile ya Amosi ililala kwenye droo. Ikachukuliwa. Daudi alipotuma, hela ilikwenda kwa mwenye namba mpya."

[18:46] Zawadi: "Daudi, nakuuliza mbele ya ndugu zako. Kabla hujaweka namba ya siri, lilitokea jina la nani?"

[19:20] Kaka Daudi: Baba Mdogo shikamoo. Lilitokea jina la mwanamke. Nilidhani ni aliyesajili laini.

[19:27] Zawadi: "Marahaba. Basi. Esta, mwanangu, mdogo wako hakula. Hilo nimelisema mimi, na kaka yangu akiwa pale alipo analisikia. Sitaki kulisikia tena kwenye simu wala uani."

[19:58] Dada Esta: Nimesikia Baba Mdogo.

[20:03] Baba Lulu: Asante Baba Mdogo.

[20:04] Baba Lulu: Dada Esta, mbuzi mmoja nitamleta siku ya kaburi. Siyo kwa sababu ya lile. Namleta tu.

[20:31] Dada Esta: Awe mkubwa.

[20:33] Zawadi: Babu hajamaliza, alikuwa anakunywa uji. Anaendelea:

[20:45] Zawadi: "Pili. Amosi asipige simu ya mama yenu. Apige simu yangu ya mezani hapa Area C. Ina sauti safi, haiishi chaji, na mama yenu ataletwa. Sisi wa zamani tulikuwa na 061 ya Dodoma. Dar es Salaam 051, Arusha 057. Kila mji na yake, kwa sababu waya wa shaba ulikuwa unaingia kwenye jengo moja la mji, na kodi ndiyo ilikuwa njia ya kufika kwenye jengo hilo. Zilipobadilishwa tukapewa 026, na siyo yetu peke yetu, ni pamoja na Singida, Iringa na Tabora. Ukiwa na simu ya mezani hapa mjini unanipigia kwa tarakimu 7 tu, 232 na zinazofuata, kwa sababu mtambo tayari unajua uko Dodoma. Mkononi hapana. Simu ya mkononi haina mji. Hata ukisimama hapo getini kwangu ukipiga tarakimu 7 haiendi popote. Lazima uanze na 026. Neema alinilalamikia kwamba simu yangu mbovu. Simu ni nzima."

[20:49] Zawadi: "Na Amosi aondoe sifuri hiyo vilevile. +255 26, halafu 232. Ukihesabu baada ya 255 ni 9, kama za mkononi. Happy wa Nairobi, wewe kwa zamani unaanza na 007, sisi kwenda Kenya 005, Uganda 006. Majirani walipewa njia ya mkato. Na + nayo inafika."

[20:50] Happy: 007!! Babu 😍

[20:51] Baba Lulu: Happy jasusi

[20:51] Happy: Nimeshaiweka kwenye stetasi

[20:55] Mama Neema: Baba Mdogo shikamoo, asante sana. Ila naomba kuuliza kwa heshima. Kwenye daftari lako la simu, lile la jalada jekundu, namba bado zimeandikwa 061. Juzi Zawadi alipiga namba ya mchungaji kutoka kwenye daftari hilo haikwenda, kumbe 061 siku hizi ni ya laini za mkononi. Ile ya kwako ya mezani umeihakiki lini? Naogopa Amosi apige tukose.

[21:30] Zawadi: Anasema "aniulizaye kama simu yangu inafanya kazi anipigie."

[21:34] Mama Neema: Nimepiga. Inaita, haipokelewi.

[21:36] Zawadi: Iko sebuleni, sisi tuko uani 😅 subiri

[21:39] Mama Neema: Sawa nimekusikia. Inasikika vizuri kweli.

Jumamosi

[08:10] Mama Neema: Habari za asubuhi. Tumebakiza leo tu. Namba nilizonazo: Zawadi, Happy, Dada Esta. Baba Lulu umetuma lakini umeweka +2550. Toa hiyo 0.

[08:12] Baba Lulu: Hiyo sifuri nimeizoea

[08:13] Mama Neema: Itoe. Kwenye simu ya Amosi namba zenye 07 tupu hata WhatsApp hazionekani, simu yake inadhani ni za Marekani. Ndiyo maana alikuwa hawaoni wengine wenu miaka yote, mkasema anawakwepa.

[08:40] Dada Esta: Kumbe.

[09:15] Mama Neema: Sasa swali kubwa. Baba Mdogo anasema Mama aletwe Area C. Mama kwa basi la asubuhi atachoka, na akitoka kanisani Mvumi ni saa 7 imeshapita. Nani anakwenda kumchukua na gari?

[10:02] Mama Neema: Baba Lulu una gari.

[10:44] Baba Lulu: Gari liko kwa fundi, bushi. Akimaliza leo nakwenda. Mafuta je?

[10:47] Mama Neema: Tuchange. Mimi natoa 20,000.

[12:15] Happy: 🙏🏾

[12:16] Mama Neema: Happy.

[12:20] Happy: Natuma elfu 10 shangazi, jina litatokea la mama Neema? Naangalia jina kwanza 😊

[12:21] Mama Neema: Safi. Kila mtu aangalie jina kabla ya namba ya siri. Likitokea la mtu usiyemjua, acha, piga simu kwanza.

[14:05] Dada Esta: Mama nimeongea naye sasa hivi. Anasema yeye hatoki. Anasema kama Amosi anataka kuongea na mama yake, ampigie mama yake, simu anayo na ameichaji kwa jirani mwenye sola. Baba Mdogo amsamehe.

[14:06] Baba Lulu: Tayari 😬

[14:09] Mama Neema: Mungu wangu. Nani atamwambia Baba Mdogo?

[14:30] Mama Neema: Zawadi?

[15:18] Zawadi: Shangazi mimi siwezi. Amevaa kofia tangu asubuhi, amepangusa simu, anamwambia kila anayepita kwamba shemeji yake anakuja kesho.

[16:50] Amosi: Ndiyo naamka. Jumapili saa 2 asubuhi huku nipo, nimeomba zamu ibadilishwe. Nipige ipi sasa, ya 26 au ya Mama?

[16:52] Mama Neema: Subiri kidogo Amosi.

[17:03] Dada Esta: Apige ya Mama. Kaburi ni la mume wake.

[17:05] Kaka Daudi: Baba Mdogo ameshasema.

[17:06] Amosi: Naweza kuziunganisha mbili. Napiga ya mezani kwanza, nikishampata Baba Mdogo naongeza ya Mama, wanasikilizana wote. Ikifika tatu sijui kama itakubali kwenye laini yangu, hapo wengine mtakaa karibu na Baba Mdogo na kuweka sauti juu.

[17:08] Mama Neema: Ya mezani haina sauti ya juu, ni ile ya kijani ya kuzungusha.

[17:09] Zawadi: Ile alishaibadilisha, hii ina vibonyezo. Lakini sauti ya juu haina kweli.

[17:15] Baba Lulu: Fundi anasema bushi imepatikana, anamaliza usiku. Kwa hiyo niende Mvumi au nisiende?

[17:16] Mama Neema: Kaka Daudi naomba wewe umpigie Baba Mdogo umweleze. Wewe ndiye mkubwa wa kiume. 026, usisahau, uko mkononi.

[17:50] Mama Neema: Kaka Daudi?

[18:22] Mama Neema: Dada Esta, na vigae vya kaburi tulisema shilingi ngapi? Mtu ameniuliza.

[18:25] Dada Esta: Hatukusema. Ndiyo kikao chenyewe.

[19:40] Kaka Daudi: Nimepiga inaita haipokelewi.

[19:41] Zawadi: Tuko uani. Na Babu ameshalala, kesho ni ibada ya kwanza. Nitamwambia apokee akirudi.

[19:44] Mama Neema: Akirudi saa ngapi?

[19:44] Mama Neema: Baba Lulu usilale na simu imezimwa.